Ulimi wa Julieth Ulivyopotelea Bwenini

Kwa aliyepandia njiani: mimi ni Valentino, nina shahada ya ualimu, na hadi tulipofika nimeshindwa mara mbili kuikomboa nchi hii. Tura, mbuzi walikula maktaba yangu. Urambo, kwetu, wakulima walinifukuza nilipohutubia juu ya ubaya wa tumbaku, siku ya soko la tumbaku. Wiki iliyopita mliniacha Tabora, mwalimu wa kujitolea wa Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana nitakayoiita Nyota, maana jina lake halisi lina wakili.

Mliniacha pia nimemshawishi mama amtoe mdogo wangu Julieth kwenye shule ya kutwa ya kata, amlete Nyota, chini ya macho yangu.

Sababu nilikuwa nazo, na bado naziamini, msinicheke. Mtoto wa kutwa kule kwetu anatembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, akifika anapewa jembe. Msimu wa tumbaku anafunga majani mpaka giza liingie, halafu ndipo aanze kubembeleza tochi ya simu ya mama ili asome. Bwenini kuna umeme, kuna kengele, kuna wenzake wa kushindana nao.

"Mama," nilimwambia, "bweni litamjenga."

"Kwani amebomoka?"

"Atajifunza kujitegemea."

"Ana miaka kumi na minne, Tino. Mimi nina hamsini na mbili na bado sijitegemei, namtegemea yeye. Baba yenu amelala kaburini, wewe unazunguka na vyeti. Jioni nani ataongea na mimi? Huyu ndiye redio yangu."

Redio kweli. Julieth alikuwa na mdomo unaomaliza habari za kijiji kizima kabla chai haijapoa. Lakini mimi nina shahada, nikashinda mabishano. Januari tukanunua tranka la bati dukani kwa Gulamali, ndoo, godoro na fagio, tukampeleka.

Miezi miwili baadaye redio ilikuwa imezimika.

Sasa nikiri. Kuna kipande nilikiruka wiki iliyopita.

Pale Nyota mwanafunzi haruhusiwi kuongea lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Kiswahili kinaruhusiwa ndani ya vipindi vyangu tu, kama mgonjwa anayetolewa nje kuota jua. Anayekamatwa anavishwa kibao, kipande cha ubao chenye kamba, kimeandikwa kwamba yeye ni mjinga. Mara ya kwanza unakivaa siku moja. Mara ya pili, wiki. Mara ya tatu unafungasha unarudi kwenu. Sheria hiyo aliitunga mkuu wetu wa shule, Mwalimu Raymundi, ambaye akijikwaa hutukana kwa Kisukuma.

Jioni ya kwanza kabisa ya Julieth shuleni nilikuwa mwalimu wa zamu. Nimesimama uwanjani, fomu wani wote mbele yangu, kibao mkononi. Nikamwona mdogo wangu anatoka bwenini mbio, viatu mkononi, uso umejaa furaha.

"Kaka Tino! Kaka Tino! Kitanda changu..."

Hakumaliza. Wasichana mia moja na ishirini walikuwa wananitazama waone kama nitampendelea ndugu yangu. Nami tangu chuoni nilikuwa nimeapa kutopendelea mtu.

Nikamvisha kibao.

Niliona ni haki. Usiku huo nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Siku tatu baadaye ndoo ya maji ilimwangukia kidole cha mguu akalia kwa Kinyamwezi. Kiranja akaandika. Wenzake walipomtetea, kiranja alisema angeweza kulia kwa Kiingereza. Wiki nzima na kibao. Kilipovuliwa, Julieth hakuongea tena. Darasani alijibu neno moja la Kiingereza, ndiyo au hapana. Kwangu hakujibu hata hilo.

Nikasema ameninunia. Watoto wananuna, halafu wananunuka.

Shida ilikuwa mama. Jumapili wanafunzi waliruhusiwa kuongea na nyumbani kwa simu ya mwalimu, na kwa dakika hizo tu Mkuu aliziba masikio, maana wazazi ndio wanaomlisha. Mama alipiga. Nikampa Julieth simu. Akaishika sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka, akanirudishia bila kusema neno.

"Mtandao mbaya, mama!" nilipiga kelele. "Piga Jumapili ijayo!"

Jumapili iliyofuata nilimchukua Mektilda.

Mektilda ni mtoto wa kijiji cha Ziba, analala kitanda cha jirani na Julieth, na anaongea kama mvua ya bati. Nilimwahidi chapati mbili. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfundisha uongo mtoto wa watu. La pili ni kwamba aliuweza kupita kiasi.

"Shikamoo mama! Nimenenepa mama, viatu vinabana! Tunakula nyama mara mbili kwa wiki!"

Simu ya mama ni ile ya tochi, spika yake ilipasuka zamani, kila anayepiga anasikika kama bata. Hata hivyo alishtuka.

"Julieth, mbona unaongea kama watu wa Ziba?"

"Marafiki wa bwenini mama, wameniambukiza!"

Jumapili tatu mfululizo. Ya tatu Mektilda alinijia mwenyewe kabla sijamwita.

"Ticha, mama leo hajapiga?"

"Mama yupi?"

"Mama yetu," alisema, na wala hakutaja chapati.

Bwenini nako alikuwepo Bi Sikudhani, matroni. Ni Mzaramo wa Kisarawe aliyemfuata mume Tabora, akamzika huku, akabaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa kichwa mpaka pwani na babu zake wakakaa njiani wanawacheka. Mtani anakutukana unamtukana, na hakuna kununa. Anaweza kuja msibani kwenu akalala ndani ya kaburi, maiti haiingii mpaka mumpe anachotaka, na ninyi mnacheka huku mnalia.

Kila asubuhi salamu yetu ilikuwa hiyo.

"Mpagazi, umeamka? Mzigo uko wapi?"

"Mzigo ni wewe, nangoja watu wanne waje wanisaidie kukuinua."

Basi aliposema, "Mpagazi, mdogo wako ananyauka, mrudishe kwa mama yake kabla sijamzika," nilijibu nilivyozoea: "Mzike, lini Mzaramo alikosa kwenye pilau ya matanga?"

Wiki iliyofuata: "Mnyamwezi, sketi ya mtoto nimeipunguza kiuno mara mbili."

"Kitambaa kilichobaki jishonee kilemba."

Wiki iliyofuata tena: "Huyu haongei hata usingizini. Wenzake wote wanaropoka, yeye kimya."

"Anaogopa akiamka ataiona sura yako."

Nilijiona mcheshi. Wenzangu ofisini walicheka mpaka chai ikawapalia.

Alhamisi ya wiki iliyopita Bi Sikudhani alinikuta nje ya ofisi. Hakuniita mpagazi. Alikusanya mikono yake mbele ya khanga.

"Mwalimu Valentino," alisema. "Samahani, Mwalimu. Naomba dakika zako mbili."

 Mtani akikuita kwa cheo chako, kuna maiti.

Alinipeleka kwenye dirisha la bwalo. Pale anayetaka kuongezewa chakula lazima aombe, na aombe kwa Kiingereza kilichonyooka. Wasichana walipanga mstari, wanaomba, wanaongezewa makande. Julieth alimaliza kijiko chake kimoja cha kupakuliwa, akakaa anaitazama sahani.

"Hiyo ndiyo kila siku, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia mara tatu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye ndoo ya uchafu.

"Usikae sana," aliniambia. "Nimeshampigia mama yako. Anakuja Jumamosi, siku ya wazazi."

Jumamosi mama alishuka kwenye bodaboda na dumu la asali, karanga, na ndoo ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo Julieth angeviuzia roho yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Redio yangu iko wapi?"

Niwaeleze kwanza siku ya wazazi ya Nyota. Mkuu ameagiza watoto waongee Kiingereza hata na wazazi wao, ili wazazi waone matunda. Uwanja mzima, kwenye viti vya plastiki, wakulima na wafugaji walikuwa wameketi wanatabasamu kwa fahari, hawaelewi neno.

Julieth akaja. Akapiga goti mbele ya mama. Kimya.

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku kama anachagua tikiti sokoni.

"Umekula nini miezi miwili, hewa?"

Julieth alitabasamu, machozi yakadondoka.

"Si uliniambia nyama mara mbili? Si uliniambia viatu vinabana?"

Julieth akanitazama mimi. Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama mti. Ulikuwa mti mzuri.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, mbio.

"Mama! Shikamoo mama! Umekuja!"

Mektilda. Hakuna aliyemjia kutoka Ziba, na alipomsikia mama yangu anaongea alisahau sheria, chapati na kila kitu. Alikuja mikono wazi, akasimama ghafla hatua mbili mbele yetu.

Mama aligeuka polepole.

"Sema tena."

"Shikamoo... mama."

"Wewe ndiye unayekula nyama mara mbili."

"Hapana mama. Nyama ni Jumapili tu. Hiyo nyingine nilitunga."

"Tino."

"Naam mama."

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wa Ziba."

"Nilijua! Nilisema hii lafudhi si ya nyumbani kwangu, nikajilaumu, nikasema simu mbovu. Kumbe simu nzima, mbovu ni wewe."

Akamshika Mektilda mkono, akamjazia michembe viganja viwili. "Kula mwanangu. Wewe huna kosa, tena unaongea vizuri." Kisha akasimama. "Tranka la Julieth liko wapi?"

"Mama, tukae tuzungumze. Takwimu zinaonyesha watoto wa bweni..."

"Takwimu zina miguu? Ziende zikanichukulie tranka."

Nilikwenda mimi. Nilipolileta mama alikuwa ameshakunja khanga ikawa ngata, ameiweka kichwani, ameinama tayari kujitwisha.

"Eee! Jamani njooni muone!" Bi Sikudhani alitokea upande wa jikoni, anapiga makofi. "Mpagazi ameona mzigo, kichwa kinamwasha!"

Akaketi juu ya tranka. Bati likalia.

"Inuka, mtani," mama alisema. "Si wewe uliyeniita?"

"Nilikuita uone. Sikukuita uniibie maiti. Hapa pana msiba, ulimi wa Mnyamwezi umekufa, na mimi ndiye mtani wa marehemu. Tranka halitoki mpaka nilipwe."

Mama alikuwa na hasira ya kuvunja shule. Lakini kumkasirikia mtani haiwezekani, na aliyeketi juu ya haki yake haondolewi kwa nguvu. Alishusha pumzi.

"Haya. Unataka asali?"

"Asali yenu inanata. Nataka huyu mwenye tranka anitukane. Kwa lugha yake, tusi moja tu, lenye nyama."

Wazazi walianza kuvuta viti vyao karibu. Kwao hicho ndicho kitu cha kwanza kueleweka tangu asubuhi.

"Bi Sikudhani," nilimnong'oneza, "sheria ya Mkuu..."

"Haijafika Kisarawe."

Julieth alitikisa kichwa. Akanyoosha vidole vitatu.

"Vidole vitatu ndiyo nini?" mama aliuliza.

Mimi nilijua. Nilijua wakati ule ule, mbele ya watu wote, na nilitamani ardhi inifiche. Siku moja, wiki moja, na mara ya tatu unafungasha. Alikuwa ameshakamatwa mara mbili. Hakuwa ameninunia hata siku moja. Alikuwa analinda nafasi yake, kwa njia pekee ambayo mtoto asiyejua Kiingereza angeweza kuilinda. Hata kwenye simu na kipindini kwangu hakuthubutu, maana mwenye simu ndiye aliyemvisha kibao cha kwanza.

Nilimweleza mama. Sikuweza kumdanganya tena, msaidizi wangu alikuwa anatafuna michembe.

Mama alisikiliza. Ngata ikamtoka kichwani, ikaanguka.

"Yaani," alisema taratibu, "mwanangu amefunga mdomo miezi miwili, amekaa na njaa, ili asirudishwe kwangu?"

 Mama alikaa kwenye majani kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mnamwona?" Bi Sikudhani alisema kutoka juu ya kiti chake cha bati, anamwelekea Julieth. "Mama analia, na mtoto ana mdomo wa pambo. Hata shanga tungeweza kuutundikia."

Julieth akalipuka.

Lilitoka kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya uwanja mzima, nami naliandika kwa Kiswahili kwa kupunguza chumvi: "Wewe Mzaramo! Ondoa makalio yako kwenye tranka la mama yangu! Hapa si mnazini, hakuna nazi ya kuingoja ianguke!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja aliangusha kiti. Bi Sikudhani akasimama mara moja, akajipangusa, akapiga goti mbele ya Julieth kwa heshima zote.

"Nimelipwa," alisema. "Na chenji juu."

Mama alikuwa anacheka na kulia. Julieth akamrukia, akaanza, na nani angemzuia? Kijiko cha makande. Ndoo na kidole. Mektilda anayekoroma kama mashine ya kusaga. Mwalimu wa fizikia anayevaa soksi tofauti.

"Nilikuwa nayaweka yote, mama! Nilipanga likizo nikusimulie kuanzia siku ya kwanza!"

"Utanisimulia njiani. Shika upande huu wa tranka, twende."

"Siendi."

"Unasemaje?"

"Kitanda changu kina taa, mama."

Nilifumba macho. Ilikuwa ile sentensi yangu. Ile niliyoikata kwa ubao.

"Kina taa yake, juu ya kichwa, nikiibonyeza inawaka. Nasoma mpaka kengele. Nimekuwa wa kwanza hesabu. Nyumbani nikisoma na simu yako, mtu akipiga nabaki gizani."

Mama aliachia tranka, akamtazama. Mama yangu ana darasa la nne, na sijawahi kumwona mtu akishindwa mabishano kwa uso mzuri kama ule.

"Na kula?"

"Bi Sikudhani atanifundisha kuomba."

"Mimi mwenyewe Kiingereza sijui," Bi Sikudhani alisema, "lakini mwiko wa jikoni ninaushika mimi. Utakula."

"Na kuongea?"

"Jumapili. Kwa simu. Mimi na Mektilda."

Mama akajifuta macho kwa khanga. Akasimama. Akanionyesha kwa kidevu, kama mtu anayeuliza kuhusu kiti kilichovunjika.

"Na kaka yako huyu?"

Julieth alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Huyo mchukue."

 Mama alifungua tranka, akatoa nguo za Julieth moja moja, akazikunja, akampa Mektilda azishike. Lilipokuwa tupu alilisukuma kwa mguu mpaka likagusa kiatu changu.

"Pakia."

Nilikuwa nainama kulishika tranka pale kicheko kilipokatika pande zote. Wazazi waliokuwa wamevuta viti walianza kuvirudisha nyuma.

Mwalimu Raymundi alikuwa anakuja katikati ya uwanja, tai imekaza shingo, kibao mkononi, kamba inaning'inia. Alisimama mbele ya tranka. Akauliza, kwa Kiingereza, ni nani aliyekuwa akipiga kelele kwa lugha iliyokatazwa.

Nyuma yake kidole cha kiranja kikaanza kupanda, taratibu, kuelekea kwa mdogo wangu.

Julieth alivuta pumzi, akafungua mdomo ajitaje mwenyewe.

Nikamtangulia: "Ni mimi." Kwa Kinyamwezi.